Mdogo wangu, kabla hujaifundisha kwaya "Yesu Kwetu ni Rafiki"

Mdogo wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Nasikia kwaya yako imepangiwa "Yesu kwetu ni rafiki", nawe umesema wimbo huo kila mtu anaujua, nusu saa inatosha. Hapo ndipo nina neno nawe. Wimbo unaojulikana na wote ndio unaosumbua mazoezini, maana kila mwimbaji huja na kosa alilokwisha kulizoea. Nakala nyingi za Tenzi za Rohoni zina maneno matupu bila nota, kwa hiyo watu wameupokea kwa masikio, na mengi aliyoandika mtunzi yamedondoka njiani.

Mtunzi ninayemsema ni wa muziki. Maneno ni ya Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada, aliyeyaandika mwaka 1855 kumfariji mama yake. Habari zake huhubiriwa sana, na ni haki. Lakini shairi lile lilipata sauti tunayoiimba mwaka 1868, kwa mkono wa Charles Crozat Converse, Mmarekani aliyesomea muziki Leipzig, Ujerumani, kisha akawa mwanasheria katika mji wa Erie, Pennsylvania. Ndiyo maana vitabu vingine huiita tuni hiyo ERIE na vingine CONVERSE. Mwaka 1870 ilichapishwa kwa jina lake la kuficha, Karl Reden. Ira Sankey na Philip Bliss walipouweka wimbo katika kitabu chao cha 1875, ukaenea duniani. Mimi naona Converse anasahaulika mno kwa mtu aliyeliwezesha kanisa zima kuimba pamoja bila kuchoka.

Sasa kazi yenyewe. Anza na ufunguo. Do iwe F, lakini usiwape waimbaji do halafu ukawaambia waanze: wimbo unaanza kwenye sol ya juu. Kwa herufi za sol-fa (d ni do, r ni re, m ni mi, f ni fa, s ni sol, l ni la, t ni ti; mkato baada ya herufi ni noti ya chini, na mstari | hutenga hatua), mstari wa kwanza ni "s s l s m d | d l," na wa pili, "Hwambiwa haja pia", ni "s, d m d s m | r". Angalia: "Ye-" iko sol ya juu, na "Hwa-" iko sol ya chini, oktavu nzima. Noti ya juu kabisa ya wimbo ni la, noti moja tu juu ya ile ya kuanzia. Kwa hiyo anayeanza chini kwa kuogopa kupanda hana anachokiogopa. Atapotea kwenye "Hwambiwa", sauti ya kwanza igeuke mnong'ono. Ikiwa "Hwa-" haisikiki, pandisha do hadi G.

Mwendo ni mapigo manne kwa kila hatua. "Ye-" hukaa pigo moja na nusu, "-su" nusu pigo, kisha "kwetu ni ra-" nusu nusu, na "-fi-" inaangukia pigo la kwanza la hatua inayofuata. Kwaya nyingi husawazisha "Ye-" na "-su", wimbo ukawa mwendo wa gwaride. Wapigishe makofi ya mapigo manne huku wakisema maneno bila kuimba, mpaka "-su" ichelewe inavyotakiwa. Mapigo 66 kwa dakika yanafaa: ubeti una hatua 16, kwa hiyo utakaribia dakika moja, na beti zote tatu dakika tatu.

Mahali panapoharibika zaidi ni "Lakini twajikosesha". Converse aliandika r de r m f r | m s. Ile de, do iliyopandishwa nusu, inaangukia "-ki-" ya "Lakini", na karibu kila mtu huimba do ya kawaida. Bila ala hutagundua. Mpiga kinanda akifuata nota, sauti zitagongana waziwazi. Dawa yake: waimbe d t, d taratibu, kisha wapandishe umbo lilelile sauti moja nzima, r de r. Masikio yao tayari yanaijua nafasi hiyo ndogo, ila hawajawahi kuikuta hapo. Fanya hivyo na sauti ya kwanza peke yake kabla ya kuwaunganisha na sauti nyingine tatu.

Maneno nayo yana mtego. Mstari wa silabi nane unakaa vizuri: YE-su KWE-tu, mkazo wa lugha na wa muziki ni mmoja. Mistari ya silabi saba haikubali. Katika "Hwambiwa haja pia" muziki unaegemea "Hwa-" na "-a" ya mwisho, wakati sisi husema hwaMBIwa, PIa. Huwezi kubadili nota. Waambie wasiipige "-a" kwa nguvu. Waiingie kwa ulaini, waishike, waiachie pamoja kwa ishara yako. Na kwenye "Dua atasikia", "a" mbili zisimezwe kuwa moja, kwani silabi zitabaki sita na nusu ya kwaya itafika mwisho kabla ya wenzao.

Ukichapa karatasi ya ibada, chini ya jina la wimbo andika: Maneno, Joseph Scriven, 1855. Muziki, Charles C. Converse, 1868.

Nakuombea mazoezi mema.