Kantri ya leo si kantri? Muulizeni mzee wangu

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika katika ukurasa huu kwamba muziki wa kantri umekufa, na kwamba kinachopigwa siku hizi ni pop iliyovishwa kofia ya mchunga ng'ombe. Nilicheka, maana maneno hayo nayasikia kila jioni kazini. Natunza wazee huku Tennessee, mwendo wa kama saa mbili kutoka Nashville, makao makuu ya muziki huu, na katika ukumbi wetu wa chakula ugomvi mkubwa si siasa. Ni redio.

Upande mmoja yuko mzee wa miaka 87. Upande wa pili yuko kijana wa jikoni ambaye humwambii kitu kuhusu Morgan Wallen, nyota wa kantri ya leo. Mwaka 2023 wimbo mmoja wa Wallen ulikaa kileleni mwa chati kuu ya Billboard, jarida la Marekani linalopanga nyimbo kwa umaarufu, kwa wiki 16, na Agosti ya mwaka huohuo nafasi zote tatu za juu zilishikwa na nyimbo za kantri, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Kijana huyataja hayo huku akigawa supu. Mzee humjibu kwamba hata mafua huenea.

Siku moja namnyoa mzee ndevu, akaniomba nimwekee Jim Reeves. Nikamwekea. Sauti ile laini ikaanza, vayolini zikifuata kwa nyuma, waitikiaji wakiguna taratibu. Kidole chake kikawa kinagonga mkono wa kiti cha magurudumu. Nikasimamisha wembe. "Mzee, fidla iko wapi humu, ile vayolini ya kijijini? Na banjo je?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyoa, binti."

Maana Jim Reeves ndiye aliyekuwa kantri ya kisasa ya enzi zake! Rock'n'roll ilipowachukua vijana katikati ya miaka ya 1950, watayarishaji wa Nashville kama Chet Atkins na Owen Bradley waliiweka fidla kando, wakaleta vayolini za pamoja na kwaya nyororo ili muziki wao usikike hata na watu wa mjini. Waliomzoea Hank Williams, mwimbaji wa kantri ya zamani aliyefariki siku ya kwanza ya mwaka 1953 akiwa na miaka 29 tu, wakalalamika vilevile anavyolalamika msomaji wenu. Na mwaka 1975, kwenye tuzo za CMA, chama cha muziki wa kantri, mwimbaji Charlie Rich alifungua bahasha ya msanii bora, akakuta jina la John Denver, ambaye wengi walimwona mwimbaji wa pop, akatoa kiberiti cha gesi na kuichoma karatasi mbele ya kamera. (Rich mwenyewe alitokea kwenye rock na jazi, lakini tuyaache hayo.)

Kwa hiyo sikubali kwamba upya ndio ugonjwa. Kinachoniudhi mimi ni kingine. Kufikia 2013 nyimbo za redioni zilikuwa zimeanza kufanana kama sare za shule: pikapu, bia, jinzi, na msichana asiye na jina. Huyo msichana mwenyewe kupewa maikrofoni ilikuwa shida. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa vituo vya redio alivishauri vipunguze nyimbo za wanawake, akisema wanaume ndio majani ya saladi na wanawake ni nyanya zake. Niliwasimulia hayo akina mama ninaowatunza, wengine wamelima na kulea familia peke yao. Hakucheka hata mmoja.

Halafu kuna suala la nani anafunguliwa mlango. Mwaka 2019 Billboard iliuondoa wimbo wa Lil Nas X, rapa mweusi, kwenye chati ya kantri, kwa maelezo kwamba hauna vionjo vya kutosha vya kantri ya leo. Ya leo! Ileile ambayo mzee wangu anasema si kantri. Mwaka 2024 Beyoncé alitoa albamu ya kantri, na CMA haikumteua hata kwa tuzo moja. Februari 2025 akachukua Grammy ya albamu bora ya kantri. Watu wakauliza anatafuta nini humo, kana kwamba banjo haina asili yake Afrika Magharibi, na kana kwamba DeFord Bailey, mpuliza hamonika mweusi, hakuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza 1925. Walimfukuza mwaka 1941.

Ukumbini kwetu tumegawana siku. Jumatatu redio ni ya mzee, Jumanne ya kijana, na wanaendelea hivyo kupokezana. Jumapili wameniachia mimi. Iliyopita niliweka Bailey akiigiza treni kwa hamonika. Mzee alitaka irudiwe mara mbili. Kijana alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kama ile ni treni kweli.

Mtunza wazee,
Tennessee, Marekani