Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, walimu, na Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, uliyekubali kuketi nasi hapa Busia, Uganda, leo,

Nawashukuru mliofika. Tuliazima viti 60 na naona vingi viko wazi. Hilo nitalirudia.

Chama chetu cha kulinda watoto mitandaoni kimetimiza miaka 3. Wengi mnakumbuka kilivyozaliwa. Shule zilifungwa Machi 2020 na watoto hawakurudi madarasani wote hadi Januari 2022. Muda huo wote simu ya mzazi ndiyo iliyokuwa ubao na daftari. Shule zilipofunguliwa, simu hazikurudi mfukoni kwa mzazi. Niliwaita wazazi 9 nyumbani kwangu, tukaketi chini ya mwembe, tukakubaliana kwamba mtoto aliyepewa simu lazima apewe na malezi ya simu. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaouliza mwenyekiti alitoka wapi.

Shughuli za mwaka mnazijua, kwa hiyo nazipitia haraka. Februari tuliadhimisha Siku ya Intaneti Salama. Tulitembelea shule 7 za msingi na 2 za sekondari, tukazungumza msikitini mara 1 na kanisani mara 2, tukakaa na vijana wa stegi 2 za boda boda na wenye vibanda vya video. Tulibandika mabango ya namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo mtoto anapiga bure. Na kwa kuwa hapa mpakani watoto wetu wana laini za pande zote mbili, niliomba bango liseme wazi kwamba hata upande wa Kenya namba ya mtoto ni hiyo hiyo 116. Tulipokea mashauri 17. Manne tuliyafikisha kwenye kitengo cha polisi cha familia na watoto, 13 tuliyamaliza kwa kuketi na wazazi.

Jambo moja la mashuleni nisiliache. Katika darasa la saba niliuliza nani anajua VPN, ile programu ya simu inayokupitisha kwenye mitandao iliyofungwa. Mikono ilipanda kabla sijamaliza swali. Mvulana mmoja alisimama akaeleza vizuri kuliko mimi, na nilipomuuliza nani alimfundisha, akajibu, "Baba." Ni kweli. Julai 2018 ilipokuja ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao, sisi ndio tuliokimbilia VPN. Januari 2021 Facebook ilipofungwa, na mwaka huu wote wa 2024 haikufunguliwa, tukaendelea nazo. Mtoto aliona, akaiga. Sasa anaweka VPN ya bure asiyojua mwenyewe ni nani, na kila anachofungua kinapita mikononi mwa mtu huyo. Tena laini iliyo ndani ya simu imeandikishwa kwa kitambulisho cha mzazi, kwa sababu kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefika miaka 16. Mtoto akitukana au akitapeli, namba itakayotafutwa ni yako.

Sasa nafika kwenye uamuzi ambao umesemwa sokoni, msikitini na hata kwenye misiba. Naomba nisikilizwe mpaka mwisho, maana nimesikiliza miezi 5 bila kujibu.

Jumamosi moja ya Julai, saa mbili usiku, iliingia video katika grupu letu la WhatsApp. Msichana wa shule amezungukwa na wenzake, anavutwa sweta, anapigwa makofi, na anayepiga picha anacheka. Uso unaonekana, sare inaonekana, hata jina lililofumwa kwenye sweta linasomeka. Chini yake imeandikwa: "Sambazeni mpaka mzazi wake apatikane."

Kwa mamlaka ya msimamizi wa grupu niliifuta, nikaandika kwa heshima: tafadhali msiirudishe, mwenye taarifa anipigie. Katika dakika 20 ilirudishwa mara 12. Nilimpigia makamu, akaniunga mkono. Nilimpigia katibu mara 3, hakupokea. Ndipo nilipowatoa wanachama 9 walioirudisha, nikalifunga grupu kwa siku 21 ili waandike wasimamizi peke yao.

Inasemwa nilifanya udikteta. Inasemwa walituma kwa nia njema. Nia njema siipingi, namjua kila mmoja wa wale 9. Lakini wa kumsaidia mtoto yule walikuwa watu watatu au wanne: mzazi, mwalimu mkuu, polisi. Wengine 80 tuliobaki tulikuwa tunamtazama tu akipigwa. Na nani asiyejua kwamba simu ya mama, akishalala, ni simu ya mtoto? Video ile ilifika kwa wanafunzi wenzake kupitia simu za wazazi wanaokaa katika grupu la kulinda watoto. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu.

Jumapili asubuhi mimi na makamu tulimpata msichana yule. Anaishi na bibi yake, anayeuza mukene, yaani dagaa, kutoka Majanji kule ziwani. Bibi ana katochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp, hakuwa ameona chochote. Alituambia tu kwamba tangu jana watu wanafika mezani pake, wanamwangalia, wanaondoka bila kununua, akadhani mukene wake unanuka. Beseni lilikuwa mlangoni, limejaa. Msichana alikuwa chumbani, amelala ameelekea ukutani, na sweta lile alikuwa amelitoa uzi wa jina, mmoja mmoja, kwa pini. Makamu alipomgusa bega, hakuuliza polisi watawafanya nini waliompiga. Alinitazama akaniuliza, "Mwalimu, na wewe umeiona?"

Nilimwambia ndiyo, nimeiona. Sijawahi kujibu swali gumu kama hilo katika miaka 31 ya kufundisha.

Kwa wanaotaka sheria, sheria iko. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2022 yalikataza kusambaza habari za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na adhabu yake inafika miaka 7 jela. Ingekuwa picha ya uchi, sheria ya mwaka 2011 ilishasema zamani: mpaka miaka 15, na hata kukaa nayo tu ni kosa. Mwanachama mmoja msomi alinijibu kwamba sheria inamruhusu anayefanya kwa maslahi ya mtoto. Vizuri. Basi nauliza, maslahi ya mtoto yalikuwa wapi mara ya pili, ya tano, ya kumi na mbili? Tungekubaliana kwamba ya kwanza ilikuwa kutafuta msaada, hizo nyingine 11 zilikuwa nini?

Kuhusu mzee wetu ambaye naye alitolewa, mfadhili wetu wa siku nyingi. Yeye aliirudisha mara 3. Nilikwenda kwake mara 2. Ya kwanza niliambiwa amepumzika, ya pili tuliongea mlangoni. Hapo nakiri kosa: nilipaswa kumpigia simu kabla ya kumtoa, kwa umri wake na kwa alivyotusaidia, na nimemwomba radhi kwa hilo. Kwa kumtoa sijaomba radhi. Mchango wake wa shilingi 500,000 haukuja mwaka huu, na pengo hilo mtaliona kwenye hesabu. Waliosema nimeuza chama kwa kiburi wajue kwamba nauli za shule 4 za mwisho nilizilipa mfukoni mwangu.

Wanachama 7 kati ya 9 wamesharudi. Msichana alikaa nyumbani wiki 3, kisha akarudi darasani. Waliompiga waliitwa pamoja na wazazi wao, na mmoja wao sasa huja kwenye vikao vyetu vya vijana. Bibi wa msichana yuko hapa leo, ameketi nyuma. Alikuja kwa miguu, na ada yake ameshailipa.

Hilo linanifikisha kwenye ada. Tuko wanachama 86. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka mzima. Waliolipa ni 31. Wasiolipa 55 wanadaiwa jumla ya shilingi 1,100,000. Najua mwaka ulikuwa mgumu, na najua wapo wanaosema hawakukumbushwa kwa sababu grupu lilifungwa. Lilifungwa siku 21. Mwaka una 366 safari hii. Kuna waliotoka kwenye mkutano wa Machi wakasema wataleta jioni.

Mahudhurio nayo: Machi 44, Juni 19, Septemba 11 na wawili waliofika tunafunga. Desemba akidi haikutimia; mimi, makamu, mhazini na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni tulisubiri mpaka saa kumi na moja, tukarudisha viti. Walimu wa shule walikuwa wametutumia vijana wao 4 kuuliza maswali kuhusu picha zao zinazochukuliwa na watu wasiowajua. Walikuta sisi wanne. Siku hiyo niliumia kuliko siku ya video.

Fedha kwa jumla: mapato shilingi 1,605,000, yaani ada 620,000, salio la mwaka 2023 shilingi 385,000, michango ya shule 450,000, na 150,000 niliyotoa mwenyewe. Matumizi 1,445,000: mabango na vipeperushi 540,000, nauli na chakula 480,000, kukodi vipaza sauti 200,000, vocha na bando 130,000, mengineyo 95,000. Salio ni 160,000. Risiti ziko kwa mhazini, atakaye azione.

Kwa mwaka ujao tunatumaini kuzifikia shule nyingi zaidi, hasa za vijijini, na Mungu akijaalia tupate projekta yetu. Tunaongea na wenzetu wa upande wa pili wa mpaka tuone tutakavyoshirikiana. Ningependa pia tuwe na kikao cha wazazi peke yao kuhusu umri, maana WhatsApp yenyewe inataka miaka 13 na katika darasa la nne nimekuta watoto wenye akaunti. Tarehe tutapanga.

Suala la grupu liko kwenye ajenda namba 6. Mkutano utapiga kura: ama kuukubali uamuzi wa Julai, ama kuukataa. Nitatoka nje wakati huo, makamu ataongoza, na matokeo yoyote nitayapokea. Katiba yetu inampa kura aliyelipa ada. Mhazini ameketi mlangoni na kitabu cha risiti, na atafunga saa sita.