Barua kutoka ofisi ya walimu

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimecheka peke yangu pale ulipouliza kama wanafunzi bado wananipandisha presha. Wananipandisha, tena sana. Lakini siku hizi wananifikirisha kuliko wanavyoniudhi, na nataka nikueleze, maana wewe uliiacha chaki ukisema kazi hii ni kurudia maneno yaleyale mpaka ustaafu.

Tuko kwenye sehemu, mada ya hesabu unayoijua inavyotutoa jasho. Juzi niliuliza darasani: ipi kubwa, 1/4 au 1/8? Mikono ikapaa kabla sijafunga mdomo, na wengi wakasema 1/8, kwa sababu nane inaizidi nne. Ukilitazama vizuri, hilo si jibu la mtoto mzembe. Miaka yote tumemfundisha kwamba nane ni kubwa kuliko nne. Leo tunaiweka nane chini ya mstari na kumtaka aelewe kuwa mambo yamegeuka. Ndiyo sababu huyohuyo atakwambia 0.35 ni kubwa kuliko 0.4. Na ukimpa 1/2 kujumlisha na 1/3 atakuletea 2/5, kiasi kwa kiasi juu ya mstari, asili kwa asili chini yake, wala hashtuki kwamba jumla imekuwa ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo.

Sikusema wamekosa. Niliuliza kwa nini, kisha nikanyamaza. Unajua kunyamaza mbele ya darasa kulivyo kazi! Wakaanza kuangaliana. Mmoja akakohoa. Halafu binti anayekaa nyuma kabisa, ambaye sauti yake huisikia wakati wa kuita majina tu, akasema, "Mwalimu, wakigawana watu wanane si kila mmoja anapata kidogo?" Hapo ndipo vita vilipoanza. Wengine wakamuunga mkono, wengine wakang'ang'ania nane yao, hadi mvulana mmoja mbishi akainuka: "Inategemea. Thumuni ya kitu kikubwa inaweza kuzidi robo ya kitu kidogo." Nusura nimpigie makofi. Ubishi wake ndio msingi wenyewe wa mada: sehemu mbili huwezi kuzilinganisha kama hujakubaliana kwanza ni sehemu za kitu gani. Ningelisema mimi, wangeliandika kwenye daftari na kulisahau.

Habari hii ya kusubiri sikuibuni. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliichunguza na kuandika juu yake miaka ya 1970. Aligundua kuwa walimu, wakishauliza swali, kwa kawaida husubiri sekunde moja hivi, basi. Wanarukia mwingine au wanajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na waliozoea kukaa kimya nao wakaanza kusema. Sekunde tatu! Zihesabu ukiwa umesimama mbele ya darasa zima uone zilivyo ndefu.

Ofisini, hata hivyo, sina wafuasi wengi. Jirani yangu wa fizikia analalamika kwamba kimya changu huishia kumpigia kelele yeye, ukuta wetu ukiwa mmoja. Hilo tunacheka. Lililo zito ni hoja yake ya pili: mtihani haumsubiri mtu, na mada zilizobaki ni nyingi kuliko vipindi vilivyobaki. Ana haki, na sijapata jibu la kumnyamazisha. Mimi huchagua maswali machache yanayostahili kusubiriwa, mengine nayapitisha haraka kama wenzangu. Yeye anaona hata hayo machache ni anasa.

Aliyenifaa zaidi ni mama mmoja mtu mzima tunayekaa naye meza moja. Akisahihisha madaftari haweki alama ya mkasi kwenye jibu baya. Huweka nukta pembeni ya mstari ambapo hesabu ilianza kupotea, basi, mtoto ajitafutie mwenyewe. Nimemuiga. Inachosha, kwa sababu lazima usome hatua zote badala ya kutupia jicho jibu la mwisho, na jioni shingo inauma kwelikweli. Ila madaftari yanaporudi unaona mtoto amefuta wapi na kuanza upya wapi.

Mengine ni yaleyale: vikao vinavyoweza kuisha nusu saa vinakula mchana mzima, zamu, ratiba iliyobadilishwa bila mtu kuambiwa. Hayo huyatamani, najua.

Sasa nina ombi. Kijana wako nadhani amefika kwenye desimali. Muulize ipi kubwa, 0.35 au 0.4, halafu unyamaze, usimsaidie hata kwa uso. Kisha uniandikie alichosema na namna alivyofika hapo, maneno yake mwenyewe, nimpelekee yule jirani wa fizikia.

Wasalimie wote.

Wako daima,
Mwalimu mwenzako wa zamani