Mchumi anayehama si lazima awe ameshindwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala uliozuka kwenye ukurasa huu wa barua kuhusu wachumi wanaohamahama. Msomaji mmoja aliandika kwamba mchumi akitoka serikalini kwenda benki amefuata hela, na akitoka benki kwenda kufundisha basi kachoka au kashindwa. Mimi nimepita kote huko: nilianzia idara ya bajeti ya wizara ya fedha, nikahamia benki ya biashara, nikamalizia darasani. Hela nilizifuata, sikatai, nilikuwa na watoto wa kusomesha. Hayo mengine hayanihusu.

Watu wa nje hudhani mchumi wa serikali anashinda akichora mikondo ya ugavi na mahitaji. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa makadirio ya mapato, na sehemu kubwa ya siku ilikwenda kwenye simu na watu wa forodha. Vitabu vinasema uchumi ukikua na kodi inakua. Lakini ukuaji ukitoka kwa wakulima wadogo, hazina haipati kikubwa, maana wengi wao hawamo kwenye daftari la kodi ya mapato. Ukitoka kwenye uagizaji wa mitambo na magari, ushuru unamiminika mwezi huohuo. Asilimia ya ukuaji ni ileile, bajeti ni mbili tofauti. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa na kalamu nyekundu. Kijana akimpelekea dokezo lililoandikwa “asilimia 6.37”, alikata zile tarakimu za mwisho kabla hajasoma sentensi, kisha akauliza: “Waziri akisimama bungeni akaulizwa hiyo saba imetoka wapi, utakuwepo?” Dokezo lilitakiwa liwe ukurasa mmoja, pendekezo juu, sababu chini, na hasara za pendekezo lenyewe zisifichwe. Nidhamu hiyo sikuwahi kufundishwa chuoni.

Tulipokuwa wizarani tulisema kwa wepesi kabisa: benki kuu ikipandisha riba yake, mikopo itapungua na mfumuko wa bei utashuka. Benki ndiko nilikoyaona mambo yanavyokwenda. Kila mwezi kulikuwa na kikao cha kamati inayosimamia mali na madeni ya benki: mkuu wa fedha, mkuu wa mikopo, wale wa kununua na kuuza dhamana za serikali, na mimi na majedwali yangu. Swali la kwanza mezani halikuwa benki kuu imesema nini. Lilikuwa: tuna fedha kiasi gani zimelala? Benki yenye ukwasi mwingi, yaani fedha nyingi zilizolala hivyo, haina haraka ya kuwaongezea riba wenye amana, kwa hiyo mwenye akiba husikia tangazo redioni na kwenye akaunti yake haoni kitu. Riba ya mikopo hupanda upesi zaidi, lakini si kwa wote. Mfanyabiashara mwenye mkataba wa riba inayobadilika huguswa mapema. Mwenye riba isiyobadilika analala usingizi mpaka mkataba wake uishe. Amana ya muda ya miezi 12 iliyofunguliwa jana itaendelea kulipwa kwa riba ya jana. Kisha mkuu wa mikopo anatoa orodha ya wateja ambao wakiongezewa marejesho hata kidogo watashindwa, na hao hawaongezewi, wanaitwa kuzungumza. Ukiyajumlisha hayo, utaelewa kwa nini hatua ya benki kuu huchukua miezi mingi kufika kwenye bei za vitu. Kwa kusoma nilikuwa nalijua jambo hili tangu zamani. Kumweleza mwanafunzi akaona linavyotokea, hatua kwa hatua, niliweza baada ya vikao vile.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Nilipoomba kazi ya kufundisha, kamati ya ajira ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, ilihesabu makala zilizochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma. Nilikuwa nazo chache. Hotuba za bajeti nilizoshiriki kuziandika zina jina la waziri, na ndivyo inavyotakiwa. Tathmini nilizoandika benki ni siri ya benki, nazo ndivyo inavyotakiwa. Kwa makaratasi yao, miaka yote ile nilikuwa nimelala. Nikapewa cheo sawa na kijana aliyemaliza shahada ya pili juzi. (Kijana mwenyewe ni hodari wa hesabu kupita mimi, na hadi leo nikikwama namuuliza.) Vyuo vingi duniani siku hizi vina nafasi ya profesa aliyetokana na utendaji, lakini mara nyingi ni cheo cha heshima: mtu anaitwa kutoa mhadhara mmoja, anapigwa picha, anaondoka. Kama vyuo vinataka kupima kazi isiyo na jina la mwandishi, waitwe watu wawili watatu waliowahi kusimamia bajeti au mikopo wamhoji mwombaji kwa mdomo nusu siku. Aliyefanya kazi atajulikana, na aliyesukuma mafaili naye atajulikana.

Na hili la kuhama si jipya. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alianza kama mtumishi wa Ofisi ya India, idara ya serikali ya Uingereza, mwaka 1906, akarudi Cambridge kufundisha, akaitwa Hazina wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajiuzulu mwaka 1919 kwa kupinga fidia waliyotwishwa Wajerumani. Baadaye akawa mwenyekiti wa kampuni ya bima huku akitunza fedha za chuo chake. George Shultz wa Marekani alikuwa mkuu wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Chicago kabla ya kuwa waziri wa kazi mwaka 1969 na baadaye waziri wa fedha, akaenda kampuni ya ujenzi ya Bechtel mwaka 1974, akarudi serikalini mwaka 1982 kama waziri wa mambo ya nje, akamalizia Stanford. Ninayempenda zaidi ni Joseph Schumpeter. Mwaka 1919 alikuwa waziri wa fedha wa Austria na hakumaliza hata mwaka. Akaingia benki, na mwaka 1924 akaondolewa akiwa na madeni yake binafsi. Akaenda kufundisha Bonn, kisha Harvard kuanzia mwaka 1932, na huko alikaa mpaka alipofariki mwaka 1950. Msomaji wetu angesema huyu kashindwa mara mbili. Wanafunzi wake walipata mwalimu aliyewahi kuiona hazina tupu kwa macho yake.

Kuna hoja moja ya msomaji huyo ninayoikubali moja kwa moja. Anayetoka wizarani anaondoka na siri: anajua kodi gani inafikiriwa kabla bajeti haijasomwa, na mwajiri mpya anajua kwamba anajua. Hapo uaminifu wa mtu mmoja mmoja hautoshi, inahitajika sheria ya kusubiri. Umoja wa Ulaya ulikaza masharti yake mwaka 2018, baada ya kelele zilizotokea mwaka 2016 rais wa zamani wa Tume ya Ulaya alipoajiriwa na Goldman Sachs, benki kubwa ya Marekani: makamishna wanabanwa kuhusu kazi wanazochukua kwa miaka 2 baada ya kuondoka, na rais wa Tume miaka 3. Kwa mchumi wa ngazi ya chini muda huo ni mrefu mno, atakula nini? Kwake bajeti moja ipite, inatosha.

Kwa yule binti aliyeuliza kwenye ukurasa huu aanzie wapi, ningemwambia aanzie ofisi ya takwimu au ya bajeti, kama nafasi ipo. Benki itampa tarakimu zilizokwisha pikwa. Kule takwimu ndiko atakakoona mkusanya bei anavyofika dukani akakuta bidhaa iliyomo kwenye kapu, yaani orodha ya vitu vinavyopimiwa mfumuko wa bei, haipo tena, na kinachofanyika kuiwekea mbadala bila kuyapotosha matokeo. Na kabla hajaondoka popote, aombe kwa maandishi ruhusa ya kutumia takwimu za zamani kufundishia. Benki niliyofanyia kazi ilikubali baada ya majina ya wateja kufutwa, na majedwali yale ndiyo niliyofundishia mpaka nilipostaafu.

Mchumi mstaafu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)