Shoga, nitafutie huyu mama wa Tabora

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Najua, najua, tangu ile harusi sijakuandikia hata mstari mmoja na sufuria yako bado ninayo, usianze. Huku wazima, mgongo ndo uleule. Ila nina jambo.

Unalikumbuka sanduku la bati la Babu, lile tulilokuwa tunalikalia kule Usangi tukimenya ndizi? Tumelifungua. Kufuli ilishaliwa na kutu, fundi kaja na tupa, na ndani hamna hela kama Baba Mdogo alivyotuaminisha miaka yote, kuna koti la jeshi limetobolewa na wadudu, kitabu chake cha mshahara cha Keya, lile jeshi la Mwingereza, na picha moja. Hiyo picha ndo inaninyima usingizi.

Vita vyenyewe tunavijua, hata wewe ulisimuliwa mpaka ukasinzia: Bama (Burma) 1944, bonde la Kabaw, mvua, ruba ndani ya buti, vidonge vya malaria vikawafanya ngozi manjano kama ndizi mbivu, halafu daraja la mto Chindwin. Akishafika darajani anakohoa, anaomba chai, hadithi imeisha. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, haya Babu, uliporudi ikawaje? Tunachojua karudi 1946, kamuoa Bibi 1948, hapo katikati "alikuwa reli". Reli ya wapi? Kama ni hii ya hapa chini Lembeni si angekuwa anapanda kuja kula nyumbani?

Sasa kwenye kitabu cha mshahara kuna mahali panaandikwa mtu wa kutumiwa pesa wakati askari yuko vitani, nikategemea jina la mama yake. Wapi! Jina la mwanamke mwingine, mke, Tabora. Nageuza picha: dada mmoja kakaa kwenye kiti cha studio, kapakata mtoto, mguu mmoja una soksi mwingine hauna, na nyuma kwa penseli, mwandiko wa Babu kabisa na ile K yake ya mkia, Tabora 1947 na jina lilelile. Na shoga, hilo jina ndo la Shangazi! Mtoto wa kwanza wa Bibi! Sisi tumekua tunaambiwa karithi jina la ukoo.

Nikampelekea Bibi. Kaifuta na ncha ya khanga, kaitazama weee, akasema, "Soksi ya pili iko wapi?" Basi. Akaomba ugoro wake. Sasa sijui kajua leo au kajua siku zote, miaka yote hiyo anamwita mwanae kwa jina la mwenzie.

Baba Mdogo kachachamaa, eti nafukua makaburi nilete warithi waje kugawana shamba. Shamba lenyewe mibuni kumi na saba, na mitatu imekauka. Mimi sitaki kugawa kitu, nataka kujua tu aliondokaje. Ningesema alirudi kutoka vitani akakuta mke kaolewa, yangekuwa yale ya kawaida, lakini picha ya 1947, alikuwa naye! Au alikufa? Au waliachana na mtoto akabaki kwao? Maana huyo mtoto kama yupo ana karibu miaka 80, anaweza kuwa anapita hapo mbele ya duka lako kila siku, na sisi... haya, naanza tena kuzunguka palepale.

Picha nimekutumia Watsapu, usiirushe kwenye grupu la shule, unamjua mwenzetu yule. Yule bibi wa maandazi kule Ng'ambo bado yupo? Anaona vizuri? Unaweza kwenda naye kwa wale wazee waliofanya kazi reli, au watoto wao? Na shemeji si ana ndugu stesheni? Unadhani Shangazi nimwambie kabla hujapata kitu au ninyamaze kwanza? Na sufuria unaitaka kweli?

Ni mimi, mwizi wako.