Kabla ya Songea, Kapime Damu

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Zuhura,

Asalaam alaikum. Huku hatujambo. Baba yako mguu umepungua, anakwenda msikitini bila fimbo, ingawa ukimpigia wewe atakwambia bado anaumwa.

Wifi yako amenieleza. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe. Ati ulikaa juu ya gunia la mchele ukaona kiza, siku zako safari hii zimefika tisa na damu haijakata, na mwezi uliopita hukuziona kabisa. Mtu huyohuyo anajiandaa kupanda basi la Songea kufuata mahindi! Zuhura, kabla hujakata tiketi, kapime damu.

Kubadilika kwenyewe hakunishtui. Una miaka 44, ndio umri wake, na wapo wanaoanza hata kabla ya 40. Siku zilizokuwa zikija kila baada ya 28 zinaanza kuja baada ya 24, au 21. Baadaye zinaruka mwezi, zinaruka miwili, halafu zinarudi kama mgeni asiyebisha hodi. Hali hiyo yaweza kwenda miaka minne, kwa wengine zaidi. Kukoma hakuhesabiwi mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kwa hiyo bado una safari.

Sababu ni yai. Kuna miezi halitoki. Homoni moja inaendelea kujenga utando wa kizazi, na ile ya pili, inayoutuliza, haipatikani maana hiyo hutengenezwa yai likishatoka. Utando unanenepa, na ukija kubomoka unashuka na mabonge. Haya nimewaeleza wake za watu miaka yote niliyokaa kliniki. Wewe nilikukabidhi kwa somo wako, na yeye, Mungu amrehemu, alikufundisha ya kuanza. Ya kukata hayasemwi unyagoni.

Lakini kubadilika si kumwagika. Ukilowanisha pedi nzima kwa saa moja, na saa inayofuata nyingine, hapo hakuna kungoja duka lifungwe. Zikipita siku saba, nenda. Ukitoka damu katikati ya mwezi au baada ya kukutana na mumeo, nenda. Yaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, yaweza kuwa tezi ya shingo, yaweza kuwa mlango wa kizazi, na hakuna wa kuyajua hayo kwa kukutazama usoni. Na kama kile kijiti cha uzazi wa mpango bado kiko mkononi, waambie, nacho huvuruga siku.

Usiniambie hukumbuki tarehe. Funga unazodaiwa za Ramadhani unazijua moja moja. Basi katika daftari hilohilo la madeni ya duka andika damu ilianza lini, ilikata lini, pedi ngapi kwa siku. Damu ikivuka siku 15, kwa madhehebu yetu hiyo si hedhi tena, ni istihadha, unajitwaharisha unaswali. Lakini usingoje 15 ndipo umwone daktari. Hukumu ya swala haikwambii mwilini imebaki damu kiasi gani.

Wakupime na mimba. Usicheke. Nimewapokea wanawake wa miaka 45 waliodhani wamekoma, kumbe mtoto anacheza tumboni. Halafu omba kipimo cha siki, kile cha kuangalia dalili za saratani ya mlango wa kizazi, ni dakika chache tu. Zile chupa za kusafisha kizazi wanazotembeza hapo Mbagala usizinunue. Wewe unayemshika mteja kwa shilingi mia, hapo ndipo unapotoa elfu kumi bila kuuliza.

Namba ya damu ikiwa chini ya 12, umepungukiwa. Watakupa vidonge vya kuongeza damu. Usivimeze na chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, nami nakujua, chupa ya chai haikauki mezani kwako. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kula maini, kisamvu, dagaa. Majoto ya usiku nayo yatakuja, jifunge khanga nyepesi ufungue dirisha, lakini yakikunyima usingizi yataje hukohuko kwa daktari.

Najua utasema mahindi yatapanda bei. Duka umelisimamisha peke yako, tangu meza ya nyanya, na huku kila anayeniuliza namjibu kwa kichwa juu. Mahindi mwache wifi yako ayafuate, amekwishazoea barabara ile. Wewe kapime.

Mikorosho imeanza maua na ubwiriunga, ule ukungu mweupe, umeshaonekana upande wa bondeni. Salfa tumepata, mtu wa kupuliza ndiye anasumbua, kila shamba linamtaka yeye. Mwanao huyu niliye naye viatu vya shule vimembana tena, miguu ya baba yake. Nimekuwekea korosho za kubangua na samaki wakavu, konda atakupigia akifika Rangi Tatu.

Ukishapima usinitumie “nipo sawa mama”. Nitajie namba.

Mama yako

Vile vidumu vyangu viwili vya mafuta ya nazi mpe konda huyohuyo arudi navyo. Kile chenye mfuniko mwekundu si changu, ni cha jirani, na ameshaniuliza.