Tusimhukumu Hattie McDaniel kwa sinema peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu ukurasa wa burudani wa Jumamosi iliyopita, uliomkumbuka Lupita Nyong'o pamoja na wanawake Weusi watano waliomtangulia katika tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Lupita, ambaye Kenya nzima ilimshangilia Machi 2014, aliandikiwa aya nzuri na za kutosha. Hattie McDaniel, wa kwanza wao wote, aliambulia sentensi moja tu, kwamba alipata tuzo hiyo mwaka 1940 baada ya kukubali kuigiza yaya. Sentensi hiyo haina uongo ndani yake. Hata hivyo imeiacha nje redio, ambako mama huyo alianzia na ambako ndiko alikomalizia kazi yake, na bila redio msomaji hawezi kumtendea haki katika lawama zilizomwandama kwa kuigiza watumishi.

Hattie alizaliwa Wichita, katika jimbo la Kansas, mwaka 1893, akiwa kitinda mimba wa watoto 13. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani, na baba yake, Henry, alipigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kisha akahangaika miaka mingi kudai pensheni ya majeraha aliyoyapata huko. Familia ilihamia Colorado, na ni katika mji wa Denver ambako Hattie alisoma na kuanza kuimba, kucheza na kuchekesha watu pamoja na kaka zake katika maonyesho ya kuzunguka. Redio ilimpokea mapema kuliko sinema, kwani katikati ya miaka ya 1920 aliimba na bendi ya George Morrison kwenye kituo cha KOA cha Denver, akiwa miongoni mwa wanawake Weusi wa kwanza kusikika redioni nchini mwao. Baada ya hapo alirekodi santuri kadhaa za muziki wa blues, na baadhi ya nyimbo hizo alizitunga mwenyewe.

Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929, kazi za maonyesho zilikauka na yeye akajikuta Milwaukee, akiwahudumia wanawake katika maliwato ya ukumbi mmoja wa starehe, mpaka aliporuhusiwa siku moja kupanda jukwaani na kuimba, na tangu hapo hakurudishwa tena maliwatoni. Mwaka 1931 aliwafuata ndugu zake Los Angeles. Kaka yake Sam alikuwa akishiriki kipindi cha kituo cha KNX, akamwingiza dada yake, na haukupita muda wasikilizaji wakawa wanamfahamu kwa jina la Hi-Hat Hattie. Jina lilikua kuliko mshahara, kwa sababu malipo ya kipindi hicho yalikuwa madogo kiasi kwamba mchana aliendelea kufua nguo na kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Wakosoaji wake wengi hulisahau jambo hili: Hattie alipoigiza mtumishi, hakuwa akibahatisha.

Kuhusu sinema sitasema mengi, maana ndiyo inayojulikana. Aliingia mwaka 1932, akaimba na Will Rogers katika Judge Priest ya mwaka 1934, na mwaka uliofuata, katika Alice Adams, akaigiza mpishi wa kukodiwa kwa usiku mmoja ambaye, kwa macho yake na mwendo wake tu, anayaumbua majivuno ya familia iliyomwajiri. Inakadiriwa kwamba alionekana katika filamu zipatazo 300, ingawa jina lake liliandikwa katika 80 na kidogo tu. Filamu iliyompa tuzo, Gone with the Wind, alimoigiza yaya mtumwa, ilizinduliwa Atlanta tarehe 15 Desemba 1939, na yeye hakuhudhuria, kwa kuwa jimbo la Georgia lilikuwa na sheria za kuwatenga Weusi. Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, katika Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, iliyokuwa haipokei wageni Weusi, ilibidi mtayarishaji David O. Selznick amwombee ruhusa ya kuingia, naye akaketishwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa filamu ileile. Hapo ndipo alipoitwa kwenda kupokea tuzo. Alisema anatumaini daima atakuwa fahari kwa watu wake na kwa tasnia ya sinema, kisha akarudi kwenye meza yake ya pembeni.

Lawama hazikuanza na ukurasa wenu. Walter White, aliyekuwa katibu mkuu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwashinikiza wenye studio waache kuwapa Weusi nafasi za watumishi na wapumbavu peke yake, na Hattie ndiye aliyekuwa mfano wa karibu wa alichokuwa akikilalamikia. Kwa maoni yangu White alikuwa na haki kuhusu studio. Filamu ambayo inamwonyesha mtumwa akiipenda nyumba ya bwana wake kuliko uhuru wake ni propaganda, hata ikipambwa vipi. Hattie naye alikuwa na jibu lake, linalonukuliwa mpaka leo, kwamba kwa nini alalamike kulipwa dola 700 kwa wiki kwa kuigiza mtumishi, ilhali asingeigiza angekuwa mtumishi kwelikweli kwa dola 7. Ni jibu la mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, lakini halitoshi. Kama angeishia hapo, ningekubaliana na sentensi yenu na nisingeshika kalamu.

Hakuishia hapo. Tarehe 24 Novemba 1947 kituo cha CBS kilianza kurusha mchezo wa kuchekesha wa Beulah, dakika 15 kila jioni, siku tano kwa wiki, Hattie akiwa mhusika mkuu. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini Marekani kuubeba mchezo wa redio wenye kumzunguka yeye. Ili msomaji auone uzito wa jambo hilo, inafaa ajue Beulah alikuwa nani kabla ya hapo. Mhusika huyo, mtumishi Mweusi wa nyumbani, alibuniwa na kuigizwa na mwanamume Mzungu, Marlin Hurt, aliyependa kusimama studioni akiwa ameupa kisogo ukumbi wa watazamaji, kisha ageuke ghafla na kupaza sauti ya Beulah, nao wavunjike mbavu kwa kuona sauti ya mwanamke Mweusi inatoka katika kinywa kile. Hurt alifariki mwaka 1946, na mwaka uliofuata nafasi ikashikwa na mwanamume mwingine Mzungu, Bob Corley. Hali ilikuwa hivyo hivyo katika Amos 'n' Andy, mchezo uliopendwa kuliko karibu yote ya redio ya Marekani, ambao wahusika wake wakuu Weusi walisemewa na Wazungu wawili. Maana yake ni kwamba katika redio hata kazi ya kumwigiza mtumishi Mweusi ilikuwa ya Mzungu, naye mtumishi mwenyewe alibaki kusikiliza jikoni jinsi anavyochekwa.

Hattie alipopewa nafasi ile aliweka masharti. Alikataa kusema kile Kiingereza kilichovurugwa makusudi ambacho waandishi wa michezo walizoea kuwatilia Weusi mdomoni, na akadai haki ya kubadilisha maneno ya mchezo yasiyompendeza. Studio za sinema hazikuwahi kumpa nafasi ya kudai mambo kama hayo. Sitaki kulitia chumvi jambo hili, kwa kuwa Beulah aliendelea kuwa mtumishi, aliendelea kumtumikia bwana na bibi wa Kizungu, na wenye sabuni waliodhamini kipindi hawakuwa na nia ya kuibadilisha nchi. Lakini Beulah huyu alisema sentensi zilizonyooka na mara nyingi ndiye aliyekuwa na akili kuliko watu wote wa nyumba ile. Sisi tuliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam, wakati mtaa mzima ulitulia ukisikiliza Pwagu na Pwaguzi, hatuhitaji kuelezwa kwamba katika mchezo wa redio mwenye sauti ndiye mwenye mhusika. Mavazi hayaonekani, wala chumba, wala rangi ya ngozi, kwa hiyo kinachobaki ni namna ya kusema, na namna hiyo ndiyo Hattie aliyoinyang'anya kutoka mikononi mwa waliokuwa wakiifanyia mzaha.

Ukurasa wenu haukugusia pia kesi ya nyumba, nami nashangaa jinsi inavyosahaulika. Mapema katika miaka ya 1940 Hattie alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa West Adams Heights mjini Los Angeles, uliojulikana kama Sugar Hill, ambako waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters walikuwa pia na nyumba. Baadhi ya majirani Wazungu walikwenda mahakamani kutaka wafukuzwe, wakitegemea vipengele vya hati vilivyozuia nyumba za mtaa huo kuuzwa kwa Weusi. Wenye nyumba Weusi wakapanga utetezi wao pamoja, wakawakilishwa na wakili Loren Miller, na Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke akaitupilia mbali kesi hiyo, akisema wakati umefika wa Weusi kupewa bila kuzungushwa haki zilizomo katika Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayomhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Miller huyohuyo alikuwa miongoni mwa mawakili waliofika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1948 iliamua kwamba vipengele vya aina hiyo haviwezi kutekelezwa na mahakama mahali popote nchini. Mwanamke anayetajwa kama mtu aliyekubali kila alichopewa alikuwa mmoja wa washtakiwa waliokataa kuhama.

Alianza kurekodi vipindi vya Beulah vya televisheni mwaka 1951, akaugua baada ya vichache tu, na nafasi yake ikachukuliwa na Louise Beavers. Saratani ya matiti ilimuua tarehe 26 Oktoba 1952. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, lakini makaburi hayo hayakuwa yakipokea maiti za Weusi, akazikwa Rosedale. Mnara wa kumbukumbu yake uliwekwa Hollywood mwaka 1999 tu. Tuzo yake, ambayo wakati ule ilikuwa bamba na si sanamu kwa waigizaji wasaidizi, aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ikapotea huko, na Oktoba 2023 ndipo Akademi, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, ilipokikabidhi chuo hicho nyingine mpya.

Baadhi ya vipindi vya redio vya Beulah vya Hattie vimehifadhiwa na wapenzi wa redio za zamani na vinapatikana bila taabu. Ninawashauri waandishi wa ukurasa wa burudani wasikilize japo vitatu, kisha watafute chochote cha Marlin Hurt katika nafasi hiyohiyo wakilinganishe, na wawaandikie wasomaji walichokisikia, hata kama kitakuwa kinyume cha maoni yangu.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Tanga